Msimu wa Mvua Nilipowaingiza Watoto Chuoni

Machi 2

Mvua imeanza leo, na mimi nilishasema tangu juzi kwamba itaanza leo. Watu wa hali ya hewa walisema wiki ijayo. Wangeniuliza.

Daftari hili alipewa mpwa wangu shuleni. Mwalimu wao wa ushauri, yule kijana wa tai ndefu, amewaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho waandike mambo yao kila siku, ili ikifika siku ya kuandika barua ya kujieleza kwa ajili ya vyuo wasikae wanatafuna kalamu. Mpwa wangu akasema yeye hana mambo ya kujaza daftari. Nikamwambia nipe mimi, yangu yanamwagika.

"Chukua, Mjomba," akasema. "Lakini uandike yaliyotokea."

Kana kwamba mimi huandika yasiyotokea.

Basi kwa atakayesoma baadaye, na najua watakuwa wengi: mimi ni kinyozi. Saluni yangu inatazamana na lango la sekondari, barabara tu katikati. Shule niliiacha mwenyewe darasa la sita, si kwa kushindwa, ila walimu walikuwa wameanza kurudia mambo. Nyuma ya saluni nina chumba na sebule, naishi na huyu mpwa wangu, binti wa dada yangu. Dada ni mpishi kwenye kambi ya wachimba madini huko mbali, akaniletea mtoto akiwa kidato cha pili ili awe karibu na shule. Kabla hajaja nilikuwa nazima redio nikitaka kulala. Sasa inazimwa kwa ugomvi, na naona ni bora hivyo.

Machi 5

Mvua. Wateja wawili, na mmoja alikuja kujikinga tu.

Machi 8

Leo walijaa wanafunzi, mvua imewakatia njia. Kati yao yupo mmoja tunamwita Waziri, kwa sababu hata akiomba maji ya kunywa anaanza na "kwanza kabisa nichukue nafasi hii". Anataka kusomea sheria. Walikuwa wanalalamika kwamba vyuo siku hizi vinaita watu kwenye usaili, na hakuna anayejua anaulizwa nini huko ndani.

Nikawauliza, "Yule mkurugenzi wa benki anayetokea kwenye televisheni, mnadhani nani alimfundisha kujibu maswali? Alikaa kwenye kiti hiki."

Fundi cherehani anasikia kila kitu, maana kati ya saluni yangu na duka lake kuna ukuta wa mbao tu. Akasema kutoka kwake, bila kusimamisha mashine, "Kiti hicho umekinunua mwaka juzi."

"Nilibadilisha kiti, fundi. Kinyozi ni yuleyule."

Watoto wakavunjika mbavu. Lakini Waziri hakucheka. Akakaa, akasema, "Mjomba, nifanyie na mimi kama ulivyomfanyia huyo mkurugenzi."

Nikamfunga kitambaa shingoni, nikawasha mashine, nikamtazama kwenye kioo. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye gari la serikali, "Kwa nini tukuchukue wewe tuwaache wengine?" Akaanza kwanza kabisa nichukue nafasi hii, nikampiga kitana kichwani. "Jibu." Akanyamaza. Nikaendelea kunyoa, sikumsaidia. Nimeshafika nyuma ya sikio ndipo akasema babake alidhulumiwa kiwanja na hakuna hata mtu mmoja aliyemweleza karatasi zile zilisema nini. Hata cherehani ilisimama.

Machi 12

Benchi halitoshi. Wanakuja waliokuja kunyolewa na wasio na nywele za kunyoa. Mtu akikaa kwenye kiti changu sina haja ya kumtazama usoni, shingo inanitosha. Akidanganya inakaza, nami naihisi chini ya kidole. Nimewaambia njia hii niliifundishwa na daktari wa kijeshi. Kwa kweli niliigundua mwenyewe, lakini mtu akisikia daktari anakaa vizuri.

Kijana wa tai alipita na mwavuli wake, akachungulia, akaendelea na safari. Ana wivu. Mtu amesomea ushauri miaka yote ile, halafu watoto wanavuka barabara kuja kwa kinyozi.

Machi 15

Jioni nilikuwa nawasimulia Waziri na wenzake habari za yale mafuriko makubwa, nilivyovuka barabara nikiogelea na kiti cha saluni kichwani. Mpwa wangu alikuwa anafagia nywele.

"Maji yalikuwa na kina gani?" akauliza.

"Yalinifika hapa," nikaonyesha kidevu.

"Basi ulikuwa unatembea, Mjomba. Na kama barabarani yalifika kidevuni, humu ndani yangefika kwenye swichi za umeme. Mbona ukuta una alama ya maji hapa chini ya goti?"

Wakacheka mpaka mmoja akashikilia mlango. Mimi pia nilicheka. Huyu mtoto ndivyo alivyo, hana hadithi anayoiacha ipite bila kuipima. Ukimwambia jambo atakuuliza ulijuaje, ulikuwa umesimama wapi, lilichukua muda gani. Wakati mwingine nasimulia ili aulize tu.

Machi 19

Mpwa wangu ameniambia alivyopanga machaguo yake. La kwanza ni uhandisi wa maji, kwenye chuo cha huko juu milimani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Chuo cha biashara ambacho paa lake naliona nikisimama mlangoni hakipo hata kwenye orodha.

"Hapa ungekuja kula mchana," nilimwambia.

"Hapa hawafundishi maji, Mjomba."

"Maji yanafundishwa? Si yanatiririka yenyewe?"

Akanieleza. Alieleza vizuri sana, mabomba, visima, maji machafu na masafi, mpaka nikaona amelifikiria jambo hili siku nyingi akiwa humuhumu ndani, mimi nikidhani anafagia.

Machi 20

Sikuongea naye.

Machi 21

Na leo pia. Ameacha chai yangu imefunikwa na sahani. Nimekunywa.

Machi 27

Chuo chake kinataka kila mwombaji alete maelezo ya mlezi. Ukurasa mmoja, kwa mkono, ndani ya bahasha iliyofungwa, na mwombaji asiyasome. Mlezi aeleze anavyomfahamu kijana huyu, tabia yake, na tukio moja linaloonyesha kwamba anafaa. Aliniletea karatasi akaiweka mezani, akasimama pale kama anataka kusema kitu, kisha akaenda kuanua nguo, mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

Nilikaa na karatasi hiyo tangu saluni ilipofungwa. Niliandika: ni mtoto mzuri, mwenye bidii, anasaidia kazi. Nikasoma. Ilikuwa mistari miwili, na mtoto wa jirani yeyote angeweza kuandikiwa hivyohivyo. Nikawaza, huko watapokea bahasha kama magunia. Watoto wa wakubwa wana walezi mawaziri wa kweli, maprofesa, watu wenye mihuri. Huyu wangu ana kinyozi. Nisipompamba mimi, nani atampamba?

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwamba wakati wa mafuriko makubwa mpwa wangu aliongoza mtaa mzima kuchimba mfereji, yeye mbele na jembe, akageuza mto. Nikaandika kwamba aliingia kisimani kwa kamba akawatoa watoto watatu. Nikaandika kwamba mkuu wa idara ya maji alikuja mwenyewe na gari lake kumpa mkono. Ukurasa ukajaa mpaka pembeni.

Nilipoifunga bahasha nilijiona mtu mkubwa kweli.

Machi 28

Nimempa bahasha. "Asante, Mjomba," akasema, akaishika kwa mikono yote miwili. "Umeandika nini?"

"Si mmeambiwa msisome?"

Akacheka. Tumesameheana ya chaguo la kwanza, nadhani.

Aprili 4

Mvua tu. Gata la mbele, lile la kukinga maji ya paa, limeziba, maji yanamwagikia wateja mgongoni.

Aprili 9

Aibu ya leo sitaificha, maana mtaa wote unaijua.

Waziri alikwenda kwenye usaili wa sheria. Aliingia kwa mwendo mzuri, shati limepigwa pasi na fundi, kichwa nimekichonga mwenyewe. Wasaili watatu. Sasa Waziri mazoezi yake yote ameyafanya kwangu, na kwangu anayeuliza yuko nyuma yako na unamjibu ukitazama mbele, kwenye kioo. Basi walipoanza kumuuliza, mtoto akakaza macho kwenye dirisha la nyuma yao akawa anaongea na dirisha. Yule wa kulia akiuliza, yeye anageukia wa kushoto. Mmoja akamuuliza kama anaona vizuri. Alipochanganyikiwa zaidi akaanza kwanza kabisa nichukue nafasi hii.

Hawakumchukua.

Alikuja na mamake. Mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Wewe Mjomba, ulimwambia mwanangu umeshawafundisha wangapi?"

Nikafungua mdomo. Mpwa wangu alikuwa mlangoni na ndoo. Nikasema, "Mama, ilikuwa mazoezi tu."

"Yeye alidhani ni kweli," akasema, wakaondoka kwenye mvua, mwavuli mmoja, mtoto amemshikia mamake.

Fundi cherehani hakusema neno. Nilingoja aseme, ningepata wa kumjibu.

Aprili 11

Benchi tupu.

Aprili 13

Mteja mmoja, ndevu. Hakutaka maongezi.

Aprili 17

Kijana wa tai amekuja kunyolewa. Nilidhani amekuja kunicheka, nikamfunga kitambaa kwa nguvu kidogo.

"Mjomba, unaninyonga."

Nikalegeza. Nikaanza kunyoa. Ana mvi tayari, kijana yule, nyuma ya kichwa ambako mwenyewe hazioni. Sikumwambia. Nikamuuliza amekuja kufunga duka langu?

"Nimekuja kunyolewa. Waziri atajaribu tena muhula ujao, nimeshampangia. Mimi ndiye niliyepaswa kumzoeza, na sikupata nafasi. Wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho ni wa kwangu peke yangu. Nikimaliza kuangalia fomu za mmoja, wengine wamesimama mpaka nje." Akapuliza unywele mdomoni. "Lakini aliniambia kitu. Kwamba ulimuuliza swali halafu ukanyoa mpaka akapata jibu. Mimi nauliza swali, na kabla hawajajibu nimeshaitwa ofisini."

Nikamfuta shingo, nikampaka spiriti.

"Maelezo ya mpwa wako uliandika?" akauliza.

"Niliandika mpaka karatasi ikaomba pumzi."

Akageuka kwenye kiti, akanitazama mimi mwenyewe, hakutazama kioo. "Mjomba. Uliandika ya kweli?"

Nikasema niliandika ya kumfaa mtoto.

"Chuo kile kinafuatilia," akasema. "Wakikuta uongo kwenye faili wanalitupa faili zima. Hawaangalii nani aliandika."

Nilikataa pesa yake. Alipotoka nilimwona kupitia mlango anavuka barabara, tai imelowa, wanafunzi wawili wameshamdaka kabla hajafika langoni. Nilikuwa nimemwona kila siku, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba yule mtu hatembei, huwa anakimbia.

Aprili 22

Wamemwita mpwa wangu kwenye usaili. Alipiga mayowe humu ndani, fundi akaja mbio na sindano mdomoni akidhani kuna moto.

Halafu mtoto akasoma ujumbe tena kwenye simu. "Wanasema mlezi wangu naye aje."

Fundi akanitazama.

"Wenzangu hawaitwi pamoja na walezi," mpwa wangu akasema. "Kwa nini wanakutaka wewe?"

Nikasema huenda wamesikia habari zangu.

Aprili 24

Nilitaka kumwambia leo. Alikuwa anapiga pasi sare, anaimba chini kwa chini kitu chake. Nilisimama pale nikasema, "Mama." Huwa namwita hivyo nikiwa na jambo. Akasema, "Naam, Mjomba." Nikamwambia pasi ina moto sana, angalia usiunguze kola.

Aprili 27

Tumerudi leo. Nitaandika yote, na nitayaandika kama yalivyotokea, maana nimetosheka na yale mengine.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu, na huko juu kuna baridi ya kuuma masikio. Chuo kina majengo mafupi, bustani imenyolewa vizuri, na korido ndefu yenye viti vya plastiki. Walezi wengine hawakuwepo, tulikuwa mimi na wanafunzi. Kila mlango ukifunguliwa wote tunainua vichwa. Nilikuwa nimevaa koti la harusi ya dada yangu. Nilimwambia kijana mmoja pale kwamba kikao hiki wameniita kama mtaalamu. Mdomo huu sijui niliutoa wapi.

Wakamwita mpwa wangu kwanza. Alinyoosha sketi akaingia. Mlango ukafungwa.

Nikabaki na hesabu zangu. Watamsomea ile barua. Atasema nini? Akisema ni kweli, ataulizwa mto gani, kisima kipi, na huyu mtoto hajui kudanganya hata kidogo, atakwama hapohapo. Akisema ni uongo, faili linatupwa. Na kama amenitetea, akasema ndiyo, halafu mimi niingie niseme hapana, nitakuwa nimemfanya mwongo mbele yao. Kila njia niliyoishika ilikuwa inafika kwa mtoto yuleyule amesimama nje ya lango na faili lake mkononi.

Wakaniita kabla hajatoka. Alikuwa amekaa upande mmoja wa meza, mikono mapajani. Hakunitazama. Wasaili walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, na mzee mwenye upara, nywele zake za pembeni zimenyolewa vibaya, niliona mara moja. Mama alikuwa na karatasi yangu.

"Karibu, bwana. Wewe ndiye mlezi?"

"Ndiye mimi."

"Umeandika kwamba binti huyu aligeuza mto."

Alivyoisoma kwa sauti yake ile ya taratibu, ilikuwa kama mlevi kusimuliwa aliyoyasema jana yake. Aliendelea na kisima, watoto watatu, mkuu wa idara ya maji na gari lake. Mzee mwenye upara alikuwa anatazama meza, nikajua anazuia kicheko, na kicheko kile kilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Tunakuuliza tu," akasema mama. "Haya yalitokea?"

Nimeshika shingo za watu maisha yangu yote. Mle ndani niliisikia ya kwangu. Nilimtazama mpwa wangu nione kama atanipa hata ishara ya jicho. Hakunipa.

Nikasema, "Hayakutokea. Nimeyatunga mimi. Mtoto hakuisoma hiyo barua, bahasha niliifunga kwa mkono wangu. Kama kuna faili la kutupa, tupeni langu."

"Wewe huna faili hapa," akasema mzee.

"Ndiyo shida yenyewe," nikasema.

Mama akavua miwani ikaning'inia kifuani. Akasema, "Binti naye amesema hayakutokea. Kabla hatujamaliza swali." Kisha akasema, "Tulikuita kwa sababu hatujawahi kupata maelezo ya namna hii, na alama zake ni nzuri. Sasa umekuja mbali. Tuambie kitu kimoja kumhusu ambacho umekiona kwa macho yako."

Nilisimama pale. Jamani, nilitafuta. Kila nilichokishika kilikuwa kinataka kuota mabawa mdomoni. Nikanyamaza, nao wakanyamaza, wala hawakunisaidia, na nikajua Waziri alivyojisikia kwenye kiti changu.

Nikasema, "Ni mbishi."

Mpwa wangu akainua kichwa.

"Nikisimulia jambo anauliza ulijuaje. Nilisema niliogelea kwenye mafuriko, akaenda kutazama alama ya maji ukutani akanionyesha ilikuwa chini ya goti. Mbele ya watu. Mwanzoni mwa mwezi huu gata letu liliziba, mimi nikataka kulitoboa na msumari, akasema ngoja. Akamwaga ndoo ya maji juu, akakaa kwenye mvua anatazama yanapokwenda. Kumbe halikuziba, limelala upande, akaliinua kwa kipande cha mbao. Watu nikawaambia nimelitengeneza mimi. Hakunisahihisha. Hilo ndilo peke yake ambalo hajawahi kunisahihisha."

Mzee mwenye upara akaandika kitu. Mama akauliza, "Wewe unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Nilihisi hivyo," akasema mzee, akajipapasa pembeni ya kichwa.

Wakatuambia tusubiri majibu, tukatoka.

Mpwa wangu hakuongea mpaka kituo cha basi, wala kwenye basi mpaka tulipoanza kuteremka milima. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Mjomba, kwa nini hukuandika tu?"

"Kweli ilikuwa fupi. Mistari miwili."

"Yaani mimi sikutosha."

Nikasema si hivyo, nikasema wewe huelewi jinsi watu wakubwa walivyo, nikasema mengi. Alingoja nimalize. Akasema, "Ungeniuliza hata mimi. Ningekuambia ninachofanya." Akalaza kichwa kwenye dirisha, na sijui kama alilala.

Natafuta mahali pa kuiweka ile sentensi yake na sioni. Yaani mimi sikutosha. Mimi ndiye nisiyetosha, mama. Ndiyo maana nimekuwa najiongezea miaka yote hii. Nilidhani na wewe unahitaji.

Aprili 29

Anajibu nikimsemesha. Hasemi yeye kwanza.

Mei 3

Mvua zinapungua. Hakuna habari za chuo.

Mei 7

Hakuna habari. Jioni fundi cherehani alileta kiti chake akakaa mlangoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikangoja anichome. Akasema, "Siku ile ya Waziri nilitaka kukusema, nikaona umeshasemwa."

"Ungesema tu, fundi."

"Kukusema siku hizi hakuna raha. Hujibu." Akakaa mpaka giza likaingia, tunatazama barabara. Mwanamke huyu miaka yote nimemwona kama adui wa nyuma ya mbao. Mume wake amefia mbali, watoto wake wana miji yao. Anasikia kila ninachosema kwa sababu kwake hakuna mwingine anayesema.

Mei 11

Wakati wa chai mpwa wangu alisema, yeye kwanza, "Mjomba, yule mzee wa chuoni alinyolewa na nani?"

Nikasema, "Na adui yake."

Akacheka akamwaga chai.

Mei 15

Amepata. Chaguo la kwanza. Alisoma ujumbe kwa sauti, akanipa simu nisome na mimi, nikasoma, nikamrudishia, akanipa tena. Dada yangu alipigiwa simu, akalia upande ule, akasema mwambie kaka yangu asiongeze kitu akiwasimulia watu. Kijana wa tai alivuka barabara kwa mwendo wa kutembea safari hii, akanishika mkono.

Nimefunga saluni mchana. Nilisema naumwa kichwa. Nilikaa sebuleni nikasikiliza anavyopanga nguo zake chumbani, droo inafunguliwa, inafungwa.

Mei 21

Ameondoka na basi la asubuhi. Hakuna mvua. Nilimwambia kondakta huyu abiria ni mhandisi wa maji. Mpwa wangu akasema, "Bado, Mjomba," nikasema, "Bado," kondakta akasema sawa, mhandisi bado, toa mzigo njiani.

Fundi alimshonea sketi mbili. Mimi nilimpa mashine yangu ndogo ya kunyolea, huko juu sijui kama kuna mtu wa kuaminika.

Mei 22

Nimepika chakula kingi mno. Nimeipeleka nusu kwa fundi.

Mei 23

Kimya.

Mei 26

Leo wameingia wanafunzi wa mwaka unaokuja, jua linawaka, hawakuwa na sababu ya kujikinga. Mmoja wao, kichwa kikubwa, uso wa kuamini kila kitu, akakaa kwenye kiti.

"Mjomba, tumesikia ndiye uliyemwingiza mpwa wako kwenye uhandisi."

Nikamfunga kitambaa. Nikasema, "Sikumwingiza. Nusura nimkoseshe. Aliingia mwenyewe."

Wakatazamana. Yule kichwa kikubwa akatabasamu kwa heshima, akawageukia wenzake akasema, "Mnaona? Watu wakubwa kweli hawajisifu."

Nikamwambia, "Kijana, nakuambia ukweli. Niliandika uongo, wakanikamata."

"Sawa, Mjomba," akasema, na wote wakacheka kama watu waliosimuliwa kitu kizuri. Nyuma ya mbao cherehani ilisimama, kisha nikamsikia fundi anacheka mpaka anakohoa.

Nimenyoa kwenye saluni hii miaka na miaka nikisema uongo, wakameza. Siku niliyosema kweli tupu, hakuna aliyeiamini. Niliingia ndani nimeshaanza kuisimulia, mdomo umefunguka, nimefika hadi "Mama, hebu sikia," sebule tupu ikanitazama.

Simu ya mpwa wangu huko juu inapatikana baada ya saa za masomo tu. Nimeketi na daftari naingoja saa hiyo, na nimeiandika habari ya leo hapa kwanza neno kwa neno, nisije nikaiongeza kabla hajaisikia.